Zamu za Kunywa

Gari la nafaka lilikuwa limeshang'oka mlangoni, na Kitinda alikuwa juu yake, amekalia magunia matupu, sanduku katikati ya miguu, na kitu cha duara kilichoviringishwa nguo amekipakata kama mtoto mchanga. Hakugeuka. Mama yake alilifuata gari hatua kumi au kumi na tano, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akipaza sauti, "Ukifika kwa mama mdogo upige simu! Unanisikia? Upige!" Aliyeitika ni dereva, kwa honi. Kisha gari likakata kona penye duka la fundi cherehani, likaacha vumbi tu.

Baba mtu alikuwa ndani ya kilabu, nyuma ya dirisha lililofunguliwa nusu, anasugua kikombe kisafi. Alikisugua nje, akakisugua ndani, akakitazama kwenye mwanga, akaanza upya. Kijiji kizima kilimwita Pua. Aliweza kusimama kizingitini, gunia la mtama likiwa bado juu ya gari, akasema, "Hilo limenyeshewa, lirudishe," na dereva akaapa kwa wazazi wake wote wawili, na gunia likifunguliwa likakutwa na ukungu. Jina hilo alilivaa kama koti la sikukuu.

Mkewe aliingia, akakaa kwenye benchi, akavaa kile kiatu.

"Ameondoka," alisema.

"Nina macho."

"Macho unayo," mkewe alisema, akaishia hapo.

Jambo lenyewe lilikuwa la jana. Kilabu kile kilikuwa na desturi yake tangu kilipojengwa: pombe ikiiva, mpishi hunywa kikombe cha kwanza mbele ya wateja, amesimama, na hakuna anayetia tone mdomoni mpaka yeye aseme, "Imekubali." Akishasema, imekubali, mteja hana la kuongeza. Isipokubali, mpishi huimwaga yote uani, peke yake, bila kusaidiwa, watu wakitazama, kisha huchukua mkaa akachora alama moja ukutani, juu ya meza ya kuuzia, chini ya jina lake. Anayeruhusiwa kumpinga ni mmoja tu, yule anayepika pamoja naye. Jana Pua alikunywa, akasema imekubali, na Kitinda, aliyekuwa akipika naye mwaka wa sita sasa, akasema, "Baba, imechacha."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake kifungo kimefunguka. Ukumbi ulijaa, na watu wote waliinamia vikombe vyao vitupu. Pua aliwatazama vipara na kofia, hakuona uso hata mmoja, na badala ya kuonja tena akasema maneno yaliyompandisha binti yake juu ya magunia.

"Kama imechacha, basi ni mapipa. Na mapipa nani anaosha? Si wewe? Unaosha kama mtu anayenawa kwa jirani, unalowesha vidole tu. Mchafu wewe. Bibi yako angekuwa hai angekufukuza."

Kisha akaamuru pombe iuzwe nusu bei, wala hakuchora alama, maana, alisema, kosa ni la kuosha, si la kupika.

Alichokijua Pua, na alichodhani hakijui mtu mwingine duniani, ni kwamba hakuwa amenusa kitu chochote tangu ile homa ya miezi minne nyuma.

* * *

Mwalimu mstaafu alikuja siku ya tatu na daftari lake. Kilabu kilikuwa kinakaribia kutimiza miaka sitini, na Pua mwenyewe ndiye aliyemwomba aandike historia, aisome siku hiyo watu wote wasikie.

"Tuhakiki basi," mwalimu alisema, akivaa miwani na kuutazama ukuta. "Mwanzilishi, Bibi Mapipa, miaka ishirini na mitatu, alama nne. Baba yako, miaka kumi na minane, alama mbili. Wewe mwaka wa kumi na tisa, hakuna."

"Hakuna."

"Chachu ni ileile aliyokuja nayo Bibi Mapipa ameibeba kichwani, na haijawahi kukatika."

"Haijawahi. Naiweka mwenyewe kabatini, kwa kufuli. Kila asubuhi naifunua naisikiliza kwa pua."

Mwalimu aliandika. Halafu akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Na lile la juzi... la binti. Nilifanyeje?"

"Lile la kuosha? Kuosha si kupika, mwalimu."

"Haya," mwalimu alisema, akavaa miwani yake. "Kuosha si kupika." Aliyatamka kama mtoto anayerudia alichoambiwa ubaoni, na Pua akaona masikio yake mwenyewe yanawaka moto.

* * *

Pishi lililofuata alilipika peke yake. Aliyasugua mapipa kwa mchanga na maji ya moto mpaka ngozi ya vidole ikamchubuka. Alilowesha mtama, akauotesha, akaukausha, akasaga kimea kwa mkono ule ule uliofanya kazi hiyo tangu utotoni. Alipika kwa macho, kwa saa ya ukutani, kwa kuhesabu. Uji ulipopoa akafungua kabati, akatoa mtungi wa chachu, akaufunua, akainama juu yake kama alivyoinama kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Hakupata kitu, kama kuinamia ndoo ya maji. Povu lipo? Lipo kidogo. Rangi? Imekaa kijivu kidogo, lakini mwanga nao haukuwa mzuri. Akaimimina.

Siku ya kuonja alisimama, akanywa kikombe kizima. Ulimini alipata ukali na ubaridi, basi. Pombe si huwa kali?

"Imekubali," alisema.

"Imekubali!" ukumbi ukaitikia, na watu wakajaziwa. Sentimita, fundi cherehani, mtu mfupi asiyevua futi yake shingoni hata akioga, alichukua kikombe chake akaenda kukaa benchi la nyuma chini ya kidirisha, mahali pake siku hizi. Zamani alikaa mbele kabisa, akisema huko nyuma ni kwa wanaodaiwa. Pua alipita na birika. Kila kikombe kilikuwa kitupu. Moyo wake ukatulia. Mtu hamalizi pombe mbaya.

Kesho yake saa nne asubuhi jirani wa nyuma alianza kupiga kelele.

"Baba Kitinda! Baba Kitinda, njoo uwaone walevi wako!"

Pua alitoka akikunja mikono ya shati, akidhani ni mteja amelala mtaroni. Jirani alikuwa amesimama mikono kiunoni, na mbele yake mbuzi wanne. Mmoja alikuwa amekaa kama mbwa. Mwingine alikuwa akijaribu kupanda ukuta ambao haukuwa na kitu juu yake. Wawili walikuwa wanalamba ardhi chini ya kile kidirisha cha benchi la nyuma, na majani yote pale, upana wa mkeka, yalikuwa yamekauka yakawa rangi ya chai.

"Huyu ana maziwa," jirani alisema. "Watoto wangu wanyweshwe nini sasa? Waambieni wateja wenu, kama hawaitaki pombe, waimwage upande wa barabara. Kila siku hapa, mwezi wa tatu huu! Nimevumilia kwa sababu ya mama Kitinda."

"Kwa sababu yake vipi?"

Jirani alifumba mdomo ghafla. "Mimi nimesema mbuzi tu, baba," akajibu, na akaanza kumsukuma yule aliyekaa.

* * *

Duka la Sentimita lilikuwa chumba kimoja, cherehani mbili, na mteja hakai ila juu ya marobota ya vitambaa. Pua aliingia ameshika suruali.

"Karibu, mkubwa wangu. Tunapunguza au tunaongeza?"

"Unamwaga pombe yangu dirishani."

Mguu wa Sentimita ulisimama juu ya cherehani. Aliishika sindano, akaiachia. "Mkubwa, tumbo langu siku hizi..."

"Tumbo lako limeanza lini?"

Fundi akatafuta kitu cha kushika, akalishika daftari la vipimo, kisha akaliweka haraka kana kwamba limemchoma. Hapo ndipo Pua akalichukua. Kurasa za mwanzo zilikuwa viuno na mapaja ya watu. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na mistari, siku saba za wiki, na majina.

"Hii nini?"

"Vipimo hivyo."

"Tangu lini mwashi akapimwa Jumatatu na Alhamisi?"

Sentimita akaokota uzi sakafuni.

"Mwalimu Jumanne. Wewe Jumatano na Jumamosi. Seremala, wawili na nduguye..." Pua alisoma pole pole, kidole kikifuata mstari. "Hii ni zamu."

"Ni zamu."

"Zamu ya nini?"

"Ya kunywa," Sentimita alisema, akaangalia futi yake. "Yaani, ya kuja. Tuliona siku nyingine watu hawatokei kabisa, ukumbi mtupu, wewe umesimama na birika. Tukasema hapana, mtu huyu katulea. Tujigawe. Kila siku wapatikane sita, saba. Mtu anaagiza viwili, anakaa saa moja, anasema asante. Wenye matumbo magumu wanakunywa. Sisi wengine... dirishani."

"Tangu lini?"

"Tangu umepona. Pishi la kwanza tulidhani bahati mbaya. La pili, la tatu... Kitinda alikuwa anahangaika mtoto wa watu, anaongeza kimea, anachuja mara mbili. Haikufaa. Mkubwa, ile si kuchacha tu. Inanuka kama soksi."

"Mlikuwepo siku ile nilipomsema."

"Tulikuwepo."

"Mkajua mapipa si kosa."

"Tukajua." Sasa Sentimita aliinua uso, na ulikuwa uso wa mtu anayeumwa. "Lakini ulishasema imekubali. Sisi wateja. Tungeanzia wapi?"

Pua aliliweka daftari juu ya cherehani, akalinyoosha pembe zake. Akatoka. Sentimita akamkimbilia mpaka kizingitini, "Suruali yako, mkubwa," na Pua akarudi kuichukua, mbele ya wanafunzi wawili wa kushona waliojifanya wanatafuta uzi.

* * *

Mkewe alikuwa jikoni anachambua maharage. Alimtazama mara moja tu, akajua.

"Hiyo zamu umewaomba wewe," Pua alisema.

"Niliwaomba."

"Ulijua kuhusu pua?"

"Niliunguza maziwa. Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo, goti linagusa jiko. Nyumba imejaa moshi, mimi natoka huko nje nakohoa, wewe unaniuliza chai itaiva lini." Alitupa jiwe moja dogo nje ya mlango. "Kitinda alikuwa na mimi. Tukatazamana. Akasema, mama, tumwambie. Nikamwambia, ngoja, itarudi. Daktari alisema kwa wengine inarudi."

"Ungeniambia."

"Wewe ungeniambia."

Pua aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kuku aliingia, akadonoa harage, akafukuzwa.

"Na siku ile nilipomwita mchafu. Ulikuwa umesimama mlangoni. Mbona ulinyamaza?"

Mkewe alichambua maharage matano, sita. "Nilipima," alisema mwisho. "Nikaona yeye atastahimili. Wewe usingestahimili. Ndiyo hesabu niliyopiga, na nimeipiga juu ya mwanangu." Sauti yake haikubadilika, lakini alikuwa ameanza kuyarudisha mabovu ndani ya mazima.

* * *

Kiwanda cha mikate alikopata kazi Kitinda kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, kijiji cha tatu, alikoolewa mdogo wa mkewe. Pua alivaa shati la kola akatembea. Njiani aliyapanga maneno, na kila alipovuka daraja au reli aliyapanga upya, na alipofika hakuwa na hata moja.

Palikuwa na foleni. Akapanga foleni. Kitinda alikuwa nyuma ya meza, kitambaa cheupe kichwani, anahesabu mikate mikononi mwa watu. Alimwona baba yake akiwa bado wa tano. Pua alijua amemwona kwa sababu aliacha kutazama upande ule.

"Mingapi, mzee?"

Si baba. Mzee, kama mpita njia yeyote.

"Miwili."

Akampa miwili, akampa chenji. Pua hakuondoka. "Mama yako anakusalimu."

"Zimefika. Wenzako wanasubiri."

Mwanamume nyuma yake aligonga kisigino. Msimamizi wa kiwanda, mnene, mwenye unga mpaka kwenye nyusi, akatokea na trei, akamwona mzee aliyevaa kola amesimama tu. "Baba yako nini? Mnafanana! Karibu sana, mzee. Huyu binti umemlea wewe? Sijapata mfanyakazi msafi kama huyu. Vyombo vyake vinang'aa mpaka unaogopa kuvigusa."

Watu kwenye foleni wakatabasamu kumpongeza. Pua akasema asante, akaipisha foleni.

Alimngoja uani kwenye majivu ya tanuri. Alipotoka na ndoo, Pua akaanza, "Kitinda, mwanangu, nimekuja... lile neno... mimi sina pua. Nimepoteza."

"Najua, baba."

Angalau baba. Akajipa moyo. "Basi nilitaka unisamehe."

Kitinda aliweka ndoo chini. Alikuwa na macho ya Bibi Mapipa, makavu. "Unaniomba hapa? Nyuma ya tanuri, tuko wawili na majivu?"

"Wapi basi?"

"Mimi ulinisema wapi?"

Pua akayatazama majivu.

"Ukumbi ulijaa. Sentimita, mwalimu, wote. Siku ile nilipopita na ndoo nilisikia watu wanajizuia wasinionee huruma. Ukitaka kulifuta, lifute palepale, mbele ya walewale. Hapa hata ukipiga magoti, anayekuona ni nani? Mimi? Mimi tangu mwanzo nilijua si mchafu." Akainua ndoo. "Nenda, jua linakuwa kali. Na uvae kofia."

* * *

Mkewe aliumega mkate mmoja jioni ile kabla hata hajaketi. Akaupeleka mdomoni, akausimamisha njiani. Akaunusa. Akaunusa tena, akaweka uso wote ndani ya ule mkate kama mtu anayelia kwenye mto, na kweli alikuwa analia.

"Nini?" Pua aliuliza. "Umeharibika?"

"Ni chachu yetu. Mume wangu, hii ni chachu ya Bibi. Hii ndiyo harufu ya nyumba hii nilipoolewa."

Ndipo akamweleza. Wakati wa homa, Pua akiwa hajui usiku wala mchana, ufunguo wa kabati ulikuwa kwa Kitinda. Alipika yeye, mapishi mawili, mazuri. Alipomrudishia baba yake mtungi alibakiza kiasi kwenye mtungi mdogo, akaulisha kimea kidogo kila siku nyuma ya kitanda chake. Hicho ndicho alichokipakata juu ya gari. Ile ya kabatini ilishakufa. Ilioza polepole ndani ya kufuli, na kila asubuhi mlinzi wake aliinama juu yake akasema, haya, ipo.

Pua aliumega mkate wa pili, akatafuna. Ulikuwa laini, wenye joto la mbali la tanuri. Hakupata kingine chochote. Akatafuna mpaka ukaisha, akitazama uso wa mkewe ili aone mkate una ladha gani.

* * *

Siku ya miaka sitini ilianza saa nane mchana. Hapakuwa na zamu, walikuja wote. Mwashi alileta mabenchi ya kuazima, dereva wa nafaka aliegesha gari kivulini akaingia, na mapipa matatu ya pishi lililopikwa wiki iliyotangulia kabla ya safari ya kiwandani yalisimama mbele, yamevalishwa vitambaa. Mwalimu alisoma vizuri, kwa sauti ya darasani. Alisoma jinsi Bibi Mapipa alivyofika na mtungi kichwani na mimba mbele. Jinsi alivyoanza na pipa moja la mafuta alilolichoma siku tatu mpaka likaacha kunuka. Jinsi ukumbi ulivyojengwa kwa tofali alizoleta kila mteja, tofali moja kwa kila kikombe cha kukopa. Watu walicheka, wakagongana mabega.

"Na mpishi wa tatu," mwalimu alisoma, na sauti ikashuka, "katika miaka kumi na tisa, hajapata alama hata moja."

Makofi yalipigwa. Yalikuwa makofi membamba, ya watu wanaoangalia miguu yao. Sentimita alileta kikombe cha kwanza, akamkabidhi Pua kwa mikono miwili.

Pua hakunywa. Alikiweka kikombe mezani, akaenda jikoni, akarudi na kipande cha mkaa. Akasimama chini ya jina lake, akachora mstari. Akachora wa pili. Kila mmoja aliuvuta polepole, na mkaa ulilia juu ya chokaa. Alipofika wa nane akaacha, akachora wa tisa pembeni, mbali kidogo na wenzake.

"Ni manane," mwalimu alisema kwa sauti ndogo, maana na yeye alikuwa amehesabu. "Pamoja na haya yaliyo hapa, mapishi manane."

"Manane ni ya pombe," Pua alisema, bado akiutazama ukuta. Kisha akageuka, na hilo la kugeuka ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. "Mimi sinusi. Tangu ile homa. Nilijua, nikaficha, nikawanywesha uchafu, nanyi mkanywa kwa zamu kama dawa. Chachu ya bibi yangu imekufa mkononi mwangu, ndani ya kufuli langu. Binti yangu alisema kweli, hapa, mbele yenu. Nikamwita mchafu. Hakuwa mchafu. Mapipa aliyaosha yakatakata. Nilimtupia yeye kwa sababu nilikuwa naona haya. Hiyo ndiyo alama ya tisa."

 Kisha mmoja nyuma, labda kwa kutaka kusaidia, akasema, "Sasa mbuzi wa watu watakunywa wapi?" Watu wakacheka, kicheko kikubwa cha kupumua, na Pua alisimama ndani yake kama mtu aliyevuliwa shati sokoni.

Mkewe akainuka kutoka kwenye kiti cha kuuzia. "Na mimi nilikuwepo," alisema. "Nilijua, nikanyamaza. Msimcheke peke yake." Kicheko kikafa.

Kumwaga kulichukua karibu saa nzima. Desturi ni mpishi peke yake, na mgongo wake haukuwa wa zamani. Mwashi alinyanyuka mara mbili kumsaidia, mara mbili akavutwa shati akae. Pua aliliviringisha pipa la kwanza mpaka uani, akaling'oa kizibo, akangoja limalizike, la pili, la tatu lilimponyoka likambana kidole cha mguu, akakaa chini katikati ya povu, na watu sitini wakamtazama akijiinua kwa kushika pipa. Wengi walishika pua zao. Yeye hakuwa na haja.

Dereva wa nafaka aliondoka kabla ya pipa la tatu kwisha. Njia yake ilipita kiwandani.

* * *

Kitinda hakurudi wiki ile wala iliyofuata. Alirudi baada ya mwezi na siku kadhaa, kwa gari lilelile, mtungi mapajani, na alikaa siku mbili tu: akapika, akalala, akarudi kwenye mikate yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwaka na nusu. Alipoacha kiwanda akahamia kabisa, aliweka kitanda chake kwenye chumba cha kimea, si kile cha zamani. Kikombe cha kwanza anakunywa yeye.

Pua aliosha mapipa miaka saba. Pua yake haikurudi. Kila alipomaliza kuosha alimwita binti yake akague, na Kitinda alikagua kila pipa, hata siku za haraka, na hakuwahi kumwambia ayarudie. Pua alifariki kiangazi, mchana, akiwa ameegemea ukuta wa uani.

Mkewe yu hai, macho hayaoni vizuri. Hakukaa tena kwenye kiti cha kuuzia. Sentimita alirudi benchi la mbele na anadaiwa. Jirani aliuza mbuzi. Mwalimu aliandika ukurasa mpya kwa wino wa rangi nyingine, maana ule wa kwanza ulikuwa umemwishia, na daftari liko kwenye kabati lile, ambalo kabati sasa halina kufuli.

Ukuta umepakwa chokaa mara mbili tangu hapo. Mara zote Kitinda alimwambia mpakaji aache kile kipande cha juu ya meza. Wageni wakiuliza alama za yule mpishi wa tatu ni ngapi, Kitinda hawahesabii kwa kidole. Anasema nane, anajaza kikombe.